KRISMASI NJIANI: SAFARI YA BARIDI NDANI YA NYUMBA YA MAGURUDUMU

Desemba ni mwezi wa kwenda kwa wazee. Mama wa Kichaga anayeishi Dar es Salaam huanza kuulizia basi la Moshi mapema, maana anajua kwamba Krismasi ikikaribia nafasi ni za kugombania, na Bibi kule mgombani amekwisha kuhesabu vichwa vya wajukuu. Huko Marekani nako mambo ni hayo hayo. Tangu sikukuu ya Shukrani, ambayo huadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba, hadi Mwaka Mpya, watu hujaa barabarani na katika viwanja vya ndege wakienda kula pamoja na ndugu zao. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: wakati Moshi kuna jua, kaskazini ya Marekani kuna theluji.

Sisi ni familia ya watu watano. Tunaishi Minnesota, jimbo linalopakana na Kanada. Bibi, yaani mama yake baba watoto, anaishi kwa kaka mkubwa karibu na mji wa Dallas, katika jimbo la Texas. Kati yetu na yeye kuna takriban kilomita 1,600, karibu mara tatu ya safari ya Dar es Salaam hadi Moshi. Tiketi za ndege za watu watano wakati wa sikukuu ni mzigo mzito. Tena nyumba ya kaka, yenye watoto wake wanne, haina nafasi ya kutulaza wote bila wenyeji kuhama vitanda vyao. Kwa sababu hizo tumezoea kwenda kwa gari ambalo Wamarekani huliita RV, nasi tunaliita gari-nyumba.

Akina dada wengi wametuuliza: Je, inawezekana kulala na watoto ndani ya gari wakati nje maji yote yameganda? Jibu letu ni ndiyo, ila kuna mambo ambayo mama hana budi kuyajua kabla ya kufunga safari. Na msomaji aliyeko Njombe au Limuru asiikunje makala hii, kwa maana moja ya mambo hayo linamhusu hata yeye asiye na gari.

Nyumba ndogo yenye kila kitu

Gari-nyumba zipo za aina nyingi. Kuna kubwa kama basi, kuna ndogo kama kombi, na kuna zile zisizo na injini ambazo huvutwa nyuma ya gari jingine. Yetu ni ya kati. Imejengwa juu ya lori dogo, na kitanda kimoja kipo juu ya kichwa cha dereva. Ndani mna jiko la gesi lenye mafiga mawili, friji ndogo, meza inayogeuka kitanda, choo, na bafu ambalo mtu mnene hugeukia kwa shida.

Chini ya sakafu kuna matangi matatu. La kwanza ni la maji safi, la pili hupokea maji ya vyombo na ya kuoga, na la tatu ni la choo. Joto hutoka kwenye hita inayochoma gesi ya mtungi, ikisaidiwa na feni inayosukuma hewa ya moto.

Wakati wa kiangazi mambo haya yote hayamsumbui mtu. Wakati wa baridi, kila kimoja kina tabia yake.

Maji kwanza

Maji huganda kwenye nyuzi sifuri, na yakiganda hutanuka. Bomba lililojaa maji usiku linaweza kupasuka kabla ya asubuhi, nawe usijue mpaka siku litakapoyeyuka na kulowesha magodoro. Huko Minnesota mwezi wa Desemba joto hukaa chini ya sifuri siku nyingi, mchana na usiku.

Kwa hiyo sisi husafiri bila maji ndani ya mabomba. Kabla ya theluji kuanza tunayatoa yote, kisha tunapitisha maji ya dawa ya rangi ya waridi yasiyoganda, yaliyotengenezwa kwa ajili ya magari haya. Hapa akina mama tuwe waangalifu sana. Kuna dawa nyingine isiyoganda, ya kuweka kwenye rejeta ya gari, na nyingi ya aina hiyo ni sumu kali yenye ladha tamu. Isiingie kamwe kwenye mabomba ya maji ya nyumbani, na chupa yake iwekwe mbali na watoto na wanyama.

Maji ya kunywa na kupikia tunayabeba kwenye madumu, ndani, mahali penye joto. Vyombo tunaosha kwenye beseni. Choo tunamwagia dawa ile ya waridi badala ya maji. Kuoga ni kwa taulo na maji ya moto ya birika, jambo ambalo sisi tuliolelewa kwa kuoga maji ya ndoo halitutishi hata kidogo. Watoto ndio walionuna siku ya kwanza, lakini siku ya pili wakazoea.

Joto, na gesi isiyo na harufu

Mitungi ya magari haya hujazwa gesi iitwayo propani. Sababu ni kwamba propani huendelea kutoa mvuke hata katika baridi kali mno, hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, wakati butani hukataa kutoka joto likishuka mpaka karibu na sifuri.

Hata hivyo gesi peke yake haitoshi. Feni ya hita hutumia betri, na betri hupungua nguvu katika baridi. Mtu anaweza kuwa na mtungi uliojaa huku familia ikitetemeka saa tisa usiku kwa sababu betri imekufa. Ndiyo maana tunapenda kulala kwenye kambi zenye umeme wa kuchomeka, nasi hupiga simu kwanza, maana kambi nyingi za kaskazini hufungwa wakati wa baridi.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sote. Moto wowote unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu, kisha hulala usingizi asioamka. Aliyekwisha kulala anaweza kufa bila hata kuumwa kichwa.

Wasomaji wetu wa nyanda za juu mnaijua gesi hii, ingawa huenda hamlijui jina lake. Ni ile inayotoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, milango na madirisha yakafungwa, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Ni gesi ile ile. Katika baridi kubwa iliyoipiga Texas mwezi wa Februari 2021, umeme ulipokatika majumbani kwa siku kadhaa, watu waliwasha majiko ya mkaa ndani ya nyumba na magari ndani ya gereji ili wapate joto. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo zaidi ya 200 kutokana na baridi ile, na baadhi vilisababishwa na gesi hii. Hao walikuwa wazazi waliotaka tu watoto wao wasitetemeke.

Basi sheria zetu ni hizi. Jiko la kupikia halitumiki kupasha joto chumba, hata kwa dakika kumi. Tunapopika, tundu la paa na dirisha moja hufunguliwa kidogo, hata kama nje kuna theluji. Jenereta ndogo ya kubeba hukaa nje, mita sita au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, na moshi wake uelekee mbali nasi. Theluji ikianguka usiku, baba hutoka asubuhi kuangalia kama tundu la hita na bomba la moshi havijazibwa. Juu ya yote, ndani kuna kengele ya kutambua gesi hiyo. Tunaijaribu kila kabla ya safari, na tunasoma tarehe iliyoandikwa nyuma yake, kwa kuwa kengele hizi nazo huzeeka na kuacha kufanya kazi.

Nyumbani kwako, dada, hata kama huna kengele ya namna hii, sheria ni nyepesi: mkaa ubaki nje ya chumba cha kulala.

Watoto wakiwa njiani

Kosa linalowavutia wengi ni kuwaacha watoto walale kitandani gari likiwa linatembea. Kitanda kipo, blanketi lipo, na mtoto anasinzia, kwa nini asilale? Kwa sababu gari likigonga, aliye kitandani hana kinachomzuia. Watoto wetu hukaa kwenye viti vinavyotazama mbele, wamefunga mikanda, na mdogo yumo ndani ya kiti chake cha mtoto.

Jambo jingine ambalo mama aliyekulia nchi za joto huenda halijui ni hili: mtoto asifungwe kwenye kiti chake akiwa amevaa koti nene. Koti lile limejaa hewa. Gari likigonga, hewa hutoka, mkanda hulegea, na mtoto huchomoka. Mfunge kwanza akiwa na sweta, kisha mfunike koti au blanketi kwa juu.

Usiku tunaweka mbao nyepesi zenye karatasi ya kung'aa kwenye madirisha, na pazia zito kati ya viti vya mbele na chumba, maana kioo kikubwa cha dereva ndicho mlango wa baridi. Kila mtoto ana soksi za sufu, kofia ya kulalia na chupa ya mpira yenye maji ya moto miguuni. Maandazi, chapati na maharage tunavipika nyumbani na kuvigandisha. Chupa mbili za chai hujazwa kila asubuhi. Mama mwenye chai ya moto ya tangawizi hukosi kusikilizwa ndani ya gari.

Barabara ina lugha yake

Njia yetu ni barabara kuu nambari 35, ambayo huanzia Duluth, Minnesota, na kuishia Laredo, kwenye mpaka wa Meksiko. Inatupitisha Des Moines, Kansas City, Wichita na Oklahoma City. Kwa gari dogo wako watu wanaoimaliza hadi Dallas kwa siku moja na usiku wake. Sisi huchukua siku tatu, na tunatenga tano.

Mwezi wa Desemba jua la Minnesota huzama kama saa kumi na nusu jioni, na asubuhi huchelewa hadi karibu saa mbili. Mchana wote haufikii saa tisa. Tumeamua kwamba jua likizama, nasi tunaegesha. Barafu nyembamba ikiwa juu ya lami haionekani hata mchana, sembuse usiku. Madaraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo wa baridi hupita juu na chini yake. Na gari refu kama letu hushika upepo kama tanga la jahazi. Katika vilima vya Flint, kule Kansas, ambako ni majani matupu na miti michache, dereva hulazimika kushika usukani kwa mikono miwili na kupunguza mwendo.

Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa tangazo la namna mbili, na inafaa kuzitofautisha. La kwanza linasema dhoruba inaweza kuja, basi jiandae. La pili linasema imefika au iko karibu kabisa kufika. Likitoka la kwanza, sisi hutafuta mahali pa kulala mbele ya dhoruba. Likitoka la pili, hatuondoki tulipo. Katika majimbo mengi mtu akipiga simu nambari 511 huambiwa hali ya barabara.

Endapo gari litakwama kwenye theluji, ushauri wa wataalamu ni kubaki ndani, si kutembea kutafuta msaada. Safisha theluji kwenye bomba la moshi, washa injini kama dakika kumi katika kila saa, fungua dirisha kidogo, na funga kitambaa cha rangi kali mahali kitakapoonekana.

Tarehe isiwe bwana wetu

Haya yote yanaweza kusomwa katika vitabu vya magari. Lililo gumu zaidi halimo humo. Katika safari ya sikukuu, kinachowasukuma watu barabarani wasipopaswa kuwepo ni ahadi. Bibi anasubiri, mbuzi amenunuliwa, shangazi amefika, na baba hataki kuonekana ameshindwa. Mwezi wa Desemba 2022, siku chache tu kabla ya Krismasi, dhoruba kubwa ya theluji iliupiga mji wa Buffalo, New York. Katika wilaya ya Erie ulipo mji huo walifariki watu zaidi ya 40, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yao.

Ndiyo sababu nyumbani kwetu tuna makubaliano matatu, nayo hufanywa mezani kabla ya safari, si barabarani. Kwanza, Bibi haambiwi tarehe, huambiwa, “Tutafika kati ya tarehe 22 na 26.” Pili, baba au mama, yeyote kati yao akisema “Tusimame,” gari husimama, na hakuna kubishana mbele ya watoto. Tatu, wenyeji huombwa wasitusubiri kula.

Makubaliano hayo yalijaribiwa mwaka mmoja huko Emporia, mji mdogo wa Kansas. Ilikuwa asubuhi ya tarehe 23. Zilibaki zaidi ya kilomita 700, na redio ilitangaza mvua inayoganda ikigusa lami, kuanzia Wichita kwenda kusini. Nje palikuwa pakavu kabisa. Baba alisimama mlangoni akitazama mbingu, na funguo zilikuwa mkononi mwake. “Tukiondoka sasa hivi tutaitangulia,” alisema. Jibu la mama lilikuwa neno moja: “Tusimame.” Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akachukua simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mmefika wapi?”

“Tuko Kansas, mama. Njia mbele imeharibika. Hatutafika kwa Krismasi.”

Sote tulisikia kimya kile cha upande wa pili. Kisha Bibi akasema, “Mbuzi nimeshamweka kwenye friza, hataoza. Wajukuu wangu ndio siwezi kuwaweka kwenye friza. Kaeni hapo hapo.”

Tulikaa siku mbili, tumechomeka umeme kambini. Mvua ilikuja adhuhuri kama ilivyotangazwa, na kufikia jioni mlango wa gari ulikuwa umegandishwa, ukafunguliwa kwa birika la maji ya uvuguvugu. Mkesha wa Krismasi tulipika pilau, dirisha likiwa wazi kidogo, tukasoma habari za Mariamu na Yusufu ambao nao walikosa nafasi ya kulala safarini, tukaimba. Tarehe 25 barabara zilifunguka, tukaenda polepole, tukalala Oklahoma, na tarehe 26 mchana tukafika.

Tulikosa kitu, hatutaficha. Shangazi aliyesafiri kutoka Houston alikuwa ameondoka asubuhi ile, na watoto hawakumwona mwaka ule. Lakini hiyo ndiyo bei yenyewe, nasi tuliijua tangu mezani. Shangazi anaweza kutembelewa Pasaka.

Dada mpenzi, waume wengi ni madereva hodari, nao si wakaidi kama tunavyowadhania. Ila neno la “tusimame” likitamkwa kwa mara ya kwanza katikati ya barabara, huwa kama dharau. Likizungumzwa nyumbani, kwa heshima, kabla ya mizigo kupakiwa, huwa ni mpango wa familia.

Mkifika kwa wenyeji

Faida kubwa ya gari-nyumba ni kwamba mgeni huja na kitanda chake. Mke wa kaka hahangaiki na mashuka, na watoto wakichoka kelele za wenzao wana pa kujilaza. Lakini kuna ya kuangalia.

Waulize wenyeji mapema kama mji au chama cha wakazi wa mtaa wao kinaruhusu gari la namna hii kuegeshwa hapo, kwa maana mitaa mingine hukataza. Umeme nao una mipaka. Soketi ya kawaida ya nyumba za Marekani ni ya ampea 15, sawa na wati 1,800 hivi, na hita moja ndogo ya umeme hula wati 1,500. Ukiongeza birika la umeme, swichi inakatika na nyumba ya mwenyeji inaingia giza sikukuu. Uchafu wa choo humwagwa kwenye vituo vilivyotengwa tu, wala si kwenye mtaro wa jirani.

Zaidi ya hayo, tusiligeuze gari kuwa ngome. Kulala tunalala humo, lakini asubuhi mapema mama anaingia jikoni kusaidia kukuna nazi na kumenya viazi, na watoto wanakwenda kumwamkia Bibi kabla ya kunywa chai. Hatukusafiri kilomita 1,600 ili tuishi uani.

Ya kukagua kabla ya kuondoka

Mabomba yametolewa maji, na dawa isiyoganda imepitishwa.
Mitungi ya gesi imejaa; betri imepimwa.
Kengele ya gesi imejaribiwa, na tarehe yake haijapita.
Matairi yamepimwa upepo asubuhi yakiwa ya baridi, maana baridi huupunguza.
Koleo la theluji, mchanga wa kuweka chini ya matairi, tochi na kitambaa chekundu vimo.
Maji ya kunywa na chakula kisichohitaji kupikwa cha siku tatu kimo.
Dawa za wazee na watoto zimezidishwa kwa wiki moja.
Bibi ameambiwa siku tano, si siku moja.

Ukikosa kingine chochote katika orodha hii unaweza kukinunua njiani. Hilo la mwisho haliuzwi dukani, kwa hiyo lianze nalo. Mungu awatangulie safarini.